Mmenunua nyumba na mshkaji bila kuandikiana? Mkataba mnao tayari, ila hamkuuandika nyie

Wawili wanakubaliana wanunue nyumba ya kupangisha. Mmoja ana hela, mwingine hana hela ila ana muda na ana jicho, anajua nyumba gani italipa na fundi gani hatakuibia. Wanapeana mikono, wanafungua grupu la WhatsApp, kazi inaanza, na ukiwauliza mkataba uko wapi wanakwambia sisi tunaaminiana bana, makaratasi tutayafanya baadaye. Wanaamini kwa vile hawajaandika kitu basi hawajafungwa na kitu. Kumbe wamefungwa. Sheria ilishawaandikia masharti kabla hata hawajazaliwa, na wangesomewa siku ile ya kupeana mikono sidhani kama kuna ambaye angekubali.

Chukua Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo bado inafanya kazi kule na imeacha alama kwenye sheria za nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Mwingereza. Inasema ubia ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa lengo la kupata faida. Imeishia hapo. Hakuna lazima ya kusajili, hakuna lazima ya kuandika, wala hamuhitaji kujiita wabia. Alafu kifungu cha 24 kinasema kama hamkukubaliana vingine basi faida mnagawana sawa kwa sawa na hasara vilevile, kwahiyo aliyeweka 90 kati ya kila 100 na aliyeweka 10 wanasimama mstari mmoja, mpaka mwenye 90 athibitishe kwamba walikubaliana tofauti. Mwenye hela akisoma hapo anashtuka. Ila mwenye muda asicheke, maana kifungu hichohicho kinasema mbia hana haki ya kulipwa kwa kazi anayoifanya kwenye ubia, kwahiyo miezi yote aliyokimbizana na mafundi na wapangaji wasiolipa haihesabiki popote isipokuwa kwenye ile nusu yake ya faida, kama faida ipo.

Bado. Kama hamkuweka muda wa ubia kuisha, kifungu cha 26 kinamruhusu mbia yeyote kuuvunja wakati wowote kwa kutoa taarifa tu. Mmoja akifa au akifilisika, kifungu cha 33 kinasema ubia umevunjika. Na kile cha 9 kinamfanya kila mbia adaiwe madeni ya ubia, hata yale yaliyoletwa na mwenzie akiwa anafanya shughuli za kawaida za biashara. Marekani majimbo yana sheria zao lakini hili la kugawana sawa pale msipoandika utalikuta na huko.

Sasa kuna jambo linawachanganya watu sana. Sheria hiyohiyo ya 1890 inasema kumiliki mali kwa pamoja, peke yake, hakuwafanyi muwe wabia, hata kama mnagawana kodi ya pango inayotoka kwenye hiyo mali. Kwahiyo ukimiliki nyumba na mtu, yapo maswali matatu na kila moja lina karatasi yake. Mali ni ya nani? Biashara ni ya nani? Deni ni la nani? Inawezekana kabisa nyumba ikawa na jina la mmoja, biashara ikawa ya wawili, na deni likawa la yule ambaye jina lake halipo kwenye hati wala hajawahi kuonja faida. Ugomvi mwingi wa wabia ukiuchunguza unakuta watu walijibu swali moja wakadhani wamejibu yote matatu.

Jina kwenye hati

Tuanze na mali. Ardhi sio simu kwamba aliyeishika ndo mwenyewe. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1677 ya kutaka mikataba ya ardhi iwe na maandishi yaliyosainiwa, kwa sababu watu walikuwa wanadai mali mahakamani kwa viapo vya uongo, na wazo hilo limesambaa sehemu nyingi duniani. Alafu mwaka 1858 huko South Australia ukaanza mfumo wa Robert Torrens ambao unaifanya rejista yenyewe iwe ndo chanzo cha umiliki, badala ya kufukua lundo la hati za zamani kumtafuta nani alimuuzia nani. Nchi nyingi zinatumia mfumo huo au unaofanana nao.

Hapo maana yake kwa mbia mchanga ni moja: aliyeandikwa kwenye rejista ndo dunia inamtambua. Ukikubali nyumba iandikwe kwa jina la mwenzio "ili mambo yaende haraka", alafu yeye akaiuza kwa mtu baki ambaye hakujua chochote kuhusu wewe na amelipa bei halali, kwenye mifumo mingi huyo mnunuzi analindwa na wewe unabaki kumdai mwenzio hela. Nyumba imeondoka. Mahakama za baadhi ya nchi zinaweza kukutambua kwamba ulikuwa na haki iliyojificha nyuma ya jina lake, ila utathibitisha, utalipa mawakili, na utathibitisha kwa nini? Kwa risiti za kutuma hela zisizosema zilikuwa za nini? Kama kweli kuna sababu ya msingi jina lako lisiwepo, basi pawe na waraka uliosainiwa unaosema anaishikilia kwa niaba yenu wote, na kama sheria ya hapo inaruhusu weka zuio kwa msajili ili asiweze kuuza kimyakimya.

Haya, majina yenu yote yapo kwenye hati. Mpo salama? Nusu. Kwenye nchi zinazofuata sheria za Kiingereza kuna namna mbili za kumiliki pamoja na kwenye fomu zinatofautiana kwa maneno machache tu, watu wanatia tiki bila kusoma. Namna ya kwanza, mmoja akifa sehemu yake inahamia moja kwa moja kwa aliyebaki hai, haipiti kwenye mirathi, na hata wosia hauigusi. Namna ya pili kila mmoja ana fungu lake, 60 kwa 40 au vyovyote mlivyokubaliana, na akifa fungu linaenda kwa warithi wake. Ya kwanza iliwafaa sana mke na mume. Kwa watu wawili waliokutana kwenye dili la nyumba mimi naona ni kuwadhulumu watoto wa atakayetangulia, ila kama mmeichagua mkijua mnachofanya sawa.

Kitu kingine ambacho hakisemwi kwenye semina za uwekezaji: mmiliki mwenzio ana uwezo wa kuilazimisha nyumba iuzwe. Kifungu cha 815 cha Sheria ya Madai ya Ufaransa kinasema wazi kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki kwenye umiliki wa pamoja. Kwenye mifumo ya Kiingereza na Marekani nako mmiliki mwenza anaweza kwenda mahakamani kuomba mali igawanywe, na nyumba haikatwi vipande, kwahiyo mara nyingi mwisho wake ni kuuzwa na kugawana hela. Soko linaweza kuwa baya siku hiyo. Ndo maana wabia makini wanaandika tangu mwanzo kwamba kwa muda fulani hakuna atakayeomba mgawanyo, na Wafaransa wenyewe wanaruhusu makubaliano ya namna hiyo hadi miaka 5, yakiisha mnaweza kuyaongeza.

Kampuni inakulinda mpaka wapi

Swali la pili, biashara ni ya nani. Hapa ndo watu wanakimbilia kusema "fungua kampuni" kama vile ni dawa ya kila kitu. Asili ya kinga ya kampuni ieleweke kwanza. Uingereza alikuwepo fundi viatu anaitwa Aron Salomon, biashara yake akaiuza kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe, hisa 20,007 zikatolewa, zake 20,001, na zile sita zilizobaki mke na watoto wake watano kila mmoja moja. Kampuni ikafa na madeni. Waliokuwa wanadai wakasema hii kampuni ni Salomon tu kavaa koti, alipe. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa, ikasema kampuni ikishasajiliwa vizuri ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, madeni yake ni yake. Mpaka leo hukumu hiyo ndo nguzo.

Marekani wakaja na aina yao inayochanganya kinga ya kampuni na ulegevu wa ubia, jimbo la Wyoming ndo lilianza mwaka 1977, na leo wawekezaji wa nyumba kule wanaitumia sana. Ipo pia namna ya ubia ambapo mmoja anaendesha na kubeba madeni yote, wengine wanaleta hela tu na hasara yao inaishia kwenye hela waliyoweka. Hiyo inavutia kwa mwenye hela, ila ina mtego: chini ya sheria ya Uingereza ya 1907 mbia wa namna hiyo akianza kuingilia uendeshaji anapoteza kinga kwa kipindi alichoingilia. Yaani ukitaka kinga kaa pembeni, ukitaka kutoa amri kubali kubeba.

Nchi nyingi mahakama inaweza pia kuifumua kampuni na kukufuata mwenyewe, hasa pale panaponuka ulaghai. Na kinachowaponza wengi sio ulaghai mkubwa, ni uvivu. Kodi ya wapangaji inaingia kwenye akaunti binafsi, ada ya shule inalipwa kutoka akaunti ya kampuni, vikao havina kumbukumbu, mkataba wa pango umesainiwa kwa jina lako bila hata kutaja kampuni. Ukiishi hivo kinga unaichana mwenyewe. Akaunti ya biashara iwe peke yake na itake saini mbili kwa kiasi kinachozidi kiwango fulani, hilo halina mjadala.

Benki haijali urafiki wenu

Deni ndo swali la tatu na ndo linaumiza kuliko yote. Umefungua kampuni safi, hati ipo kwa jina la kampuni, unaenda benki kuchukua mkopo, benki inaangalia hiyo kampuni yenye wiki tatu tangu izaliwe, alafu inakupa fomu moja ya ziada ya kusaini. Udhamini binafsi. Ukisaini hapo ile kinga ya Salomon yote kwa deni hilo imeondoka, kampuni ikishindwa kulipa wanakuja kwako. Na fomu nyingi za udhamini zinasema mnadaiwa kwa pamoja na mmoja mmoja, maneno machache hayo lakini maana yake benki ina ruhusa ya kumdai mmoja wenu deni lote zima, haigawi nusu kwa nusu. Itamfuata nani? Mwenye mali inayoonekana. Akishalipa ndo aanze kumkimbiza mwenzie adai sehemu yake.

Kwahiyo kwenye makubaliano yenu ya ndani pawe na sentensi kwamba atakayelipishwa na benki zaidi ya fungu lake atafidiwa na wenzie, na fidia hiyo ikatwe kwanza kwenye mgao wao. Benki hiyo sentensi haiifungi hata kidogo, inawafunga nyie. Na kama mmoja wenu ndo anasaini udhamini peke yake kwa sababu mwingine hana kitu cha kuonyesha, hiyo ni hatari anayoibeba na inastahili kulipwa, iwe asilimia za juu au malipo ya kila mwaka. Watu wanahesabu hela na jasho, saini wanaisahau.

Kuna swali lingine huwa haliulizwi kabisa: lazima huyu mtu awe mbia? Mtu ana hela, anataka irudi na faida kidogo, hana habari na mabomba yaliyopasuka. Huyo labda ni mkopeshaji tu. Akukopeshe kwa riba inayoeleweka, umwekee rehani kwenye nyumba, akilipwa mmemalizana. Ubia ni kumpa mtu sauti kwenye maamuzi na fungu kwenye thamani yote itakayopanda miaka na miaka, ni kitu kikubwa mno kukigawa kwa sababu tu ulipungukiwa na hela ya kuanzia.

Kesi moja inayoeleza yote

New York, mwaka 1902. Bwana Salmon anapanga hoteli iliyokuwa inaitwa Bristol, kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 42, kwa miaka 20. Hana hela ya kutosha kuikarabati, anamchukua Meinhard aweke nusu. Walielewana vizuri tu na kwa maandishi: Meinhard anapata asilimia 40 ya faida halisi kwa miaka 5 ya mwanzo kisha 50, hasara nusu kwa nusu, na Salmon peke yake ndo anaendesha. Mkataba wenye maana, tofauti na wengi wetu.

Miaka 20 inakaribia kuisha, mwenye ardhi anamfuata Salmon na mpango mkubwa zaidi, kuchukua eneo pana, kubomoa na kujenga jengo jipya la dola milioni 3, kwa muda ambao ukiongezwa unafika hadi miaka 80. Salmon anasaini kupitia kampuni yake na Meinhard hamwambii. Meinhard anagundua baadaye, anaenda mahakamani. Mwaka 1928 mahakama ya rufaa ya New York, jaji Benjamin Cardozo akiandika, ikasema wabia wanadaiana uaminifu wa kiwango cha juu kuliko ule wa sokoni, na Salmon angalau alitakiwa kumwambia mwenzie ili naye apate nafasi ya kushindania. Meinhard akapewa karibu nusu, Salmon akabakishiwa hisa moja zaidi ili aendelee kuwa na usukani. Ila majaji wenyewe waligawanyika 4 kwa 3, maana watatu waliona ule ulikuwa mradi mmoja wa miaka 20, umeisha, kila mtu ashike njia yake.

Mimi nadhani hao watatu walikuwa na hoja. Na wote saba wasingehitajika kama mkataba ungekuwa na aya moja inayosema: dili jipya likimjia mmoja wetu kupitia mradi huu, tunagawana au hatugawani. Andikeni hiyo aya. Kama mwenye muda anatafuta nyumba kila siku na ana wabia watatu tofauti, dili linalomjia Jumanne ni la nani?

Andikeni talaka kabla ya ndoa

Vipengele vya kuingia watu wanaviandika bila shida, nani anaweka kiasi gani, nani anafanya nini. Shida iko kwenye kutoka. Mkiwa wawili na kila mmoja ana 50, mkibishana hakuna wa kuamua, nyumba inakaa tupu huku riba inakimbia. Wengine wanaweka mtu wa tatu wa kuvunja mkwamo, wengine wanagawa maeneo, mmoja ana neno la mwisho kwenye ukarabati na mwingine kwenye mikopo, na kuuza lazima wote.

Ipo njia moja ya ukatili kidogo ila inafanya kazi: mmoja anataja bei, mwingine anachagua kama anunue fungu la mwenzie kwa bei hiyo au auze la kwake kwa bei hiyohiyo. Ukitaja bei ya kionevu inakurudia mwenyewe. Ni nzuri kama mna nguvu sawa. Kama mmoja ana hela na mwingine hana, mwenye hela atasubiri siku mwenzie amebanwa na ada na hospitali ndo ataje bei ndogo, akijua fika hawezi kununua. Kwahiyo mwenye muda ukiletewa kipengele hiki dai upewe miezi ya kutosha kutafuta mkopo, au bei itajwe na mthamini huru.

Nyumba ikihitaji paa jipya na akaunti haina kitu, nani anatoa? Kama mmoja hatoi, kile cha mwenzie kihesabiwe kama mkopo wenye riba au kipunguze fungu la asiyetoa? Mgao wa hela nao una foleni yake, kawaida ni gharama na madeni kwanza, kisha mwenye mtaji arudishiwe hela yake labda na asilimia kadhaa juu, ndo kinachobaki kigawanywe. Tofauti ya kuanza na mtaji au kuanza na mgao ni kubwa. Nyumba ikinunuliwa kwa 100, zote za mwenye hela, ikauzwa 130, ukigawa tu nusu kwa nusu kila mtu anachukua 65 na mwenye hela kapata hasara ya 35 kwenye dili lililofanikiwa! Ukirudisha mtaji kwanza anapata 100 yake, kisha 15 kwa 15.

Kifo, talaka, kufilisika, kuugua kiasi cha kushindwa kusaini: kila kimoja kiwe na jibu. Kumbuka ukishakuwa na mbia una mke wake au mume wake pia, una ndugu zake, una wadai wake. Kipengele cha kawaida ni kwamba waliobaki wana haki ya kwanza ya kulinunua fungu, kwa fomula ya bei iliyoandikwa siku mkiwa bado mnacheka pamoja.

Ukianza kukusanya hela za watu

Mambo yakienda vizuri mwenye muda anapata wazo, badala ya mbia mmoja achukue kumi na tano, kila mtu aweke kidogo, yeye aendeshe. Hapo anaweza kuwa ametoka kwenye sheria za ubia ameingia kwenye sheria za dhamana za mitaji, zile zinazosimamia hisa na hatifungani, bila kujua. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Howey ya Florida, iliyokuwa inauza vipande vya shamba la machungwa kwa watu wa mbali huku kampuni ndugu yake ikiwahudumia miti na kuuza matunda. Wenyewe walisema wanauza ardhi. Mahakama ikasema hapana, mtu akiweka hela kwenye mradi wa pamoja akitarajia faida itokane na juhudi za wengine, huo ni uwekezaji unaosimamiwa kama hisa. Nchi nyingine zina vipimo vyao vya kufanana. Kwahiyo lile tangazo la "weka hela ulale, sisi tunafanya kila kitu" ndo hasa linalomwita msimamizi wa masoko ya mitaji, na kwenye nchi nyingi kukusanya namna hiyo bila kibali au msamaha wa kisheria kunaweza kuwa kosa la jinai.

Mwisho suala la mwanasheria. Wabia wengi wanachukua mmoja ili kubana matumizi, na mara nyingi ni wa yule mwenye hela. Huyo ni wa mteja wake. Kila mmoja awe na wa kwake hata kwa saa moja ya kusoma rasimu tu, na hiyo saa iwepo kabla ya malipo ya awali kwenda kwa muuzaji, maana hela ikishatoka yule mwenye haraka ya dili atasaini chochote.